Bonde la Lidice lilivyonirudisha kwetu

KUNA mambo ambayo mtu hayaoni akiwa kwake mpaka aende ugenini. Mimi ni mzaliwa wa Taita, lakini nimekaa Nairobi miaka mingi kiasi kwamba nikienda kwetu, watoto wa jirani huniuliza namtafuta nani. Na mtu aliyenikumbusha maana ya kuwa na kwetu hakuwa mzee wa ukoo wala kasisi. Alikuwa ni binti yangu, tena katika nchi ya mbali iitwayo Cheki.

Nilikwenda huko mwezi wa Juni kuhudhuria mahafali yake. Alikuwa amepata udhamini wa masomo katika mji mkuu, Prague, lakini msomaji ambaye amewahi kusomesha mtoto ng'ambo anajua kwamba udhamini hautoshi. Kuna nauli, kuna nguo za baridi, kuna mambo madogo madogo ambayo yakijumlishwa si madogo tena. Nilikuwa nimechukua mkopo katika chama chetu cha akiba, na mkopo huo ulikuwa umenikaba koo.

Ndiyo sababu sikubisha sana ndugu yangu mdogo alipoleta habari kwamba amepata mtu wa kununua shamba la marehemu baba. Tuko watatu: mimi, yeye na dada yetu aliyeolewa Voi. Shamba ni ekari nne, juu milimani kupita Wundanyi, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Hakuna kati yetu aliyekuwa akilima. Mnunuzi alikuwa na sharti moja tu: makaburi mawili, la baba na la mama, yahamishwe kabla hajalipa fungu la mwisho. Alisema hataki kila mwaka kuona watu wakija na maua mbele ya mlango wake.

"Kaka, tutawahamishia katika makaburi ya kanisa. Ni kazi ya siku moja," ndugu yangu aliniambia.

Nikaitikia. Mkataba nikautia mkobani, nikasema nitautia sahihi nikirejea. Hivyo ndivyo nilivyopanda ndege.

Basi la Kladno

Siku ya pili baada ya mahafali, binti yangu aliniuliza kama ningependa kuona kijiji kimoja. Mimi nilidhani ananipeleka kuona ng'ombe. Mwanafunzi mwenzake aliyetoka mji wa Kladno ndiye aliyekuwa amemweleza habari za kijiji hicho.

Tulipanda basi liendalo Kladno. Kijiji chenyewe, Lidice, kiko kilomita 20 hivi kaskazini-magharibi mwa Prague, upande ule ule wa uwanja wa ndege. Nje ya dirisha niliona nchi ya kupendeza ambayo haina milima ya kutisha: vilima vya mawimbi mawimbi, mashamba ya ngano, vijiji vyenye mapaa mekundu, na kila kijiji kina mnara wa kanisa. Hata saa moja haikwisha tukawa tumeshuka.

Nilitazama huku na huku nikitafuta kijiji. Mbele yetu palikuwa na bonde lililoteremka polepole, lenye nyasi zilizokatwa vizuri kama uwanja wa mpira. Kijito kidogo kilipita chini. Miti ilikuwa huku na kule. Ndege waliimba. Basi.

"Kijiji kiko wapi?" nilimuuliza.

"Ndicho hiki, Baba," alijibu. "Unakitazama."

Wachimba migodi

Msomaji, hebu nikupe kwanza historia ya mahali hapa, maana bila hiyo utaona nyasi tu kama nilivyoziona mimi.

Jina la Lidice limeandikwa katika kumbukumbu tangu mwaka wa 1318. Kwa karne nyingi lilikuwa jina la kijiji cha wakulima, kimejikunja bondeni kando ya kijito, na kanisa la Mtakatifu Martin lililojengwa upya katika karne ya 18. Kisha makaa ya mawe na chuma vikaukuza mji wa Kladno ulio karibu, na wanaume wa Lidice wakawa wachimba migodi na wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Walikwenda kazini kwa zamu, wengine mchana na wengine usiku, wakirudi nyumbani na vumbi jeusi usoni. Wake zao walilima bustani na kufuga kuku. Palikuwa na shule na bwawa la maji. Wakazi wote hawakuzidi sana 500. Kwa ufupi, kilikuwa kijiji ambacho hakuna mtu nje ya wilaya angekuwa na haja ya kukijua.

Mnamo Machi 1939 majeshi ya Ujerumani ya Hitler yaliingia Prague. Nchi ya Czechoslovakia ikakatwa vipande. Mwaka wa 1941 Hitler alimtuma Prague mmoja wa makamanda wake wakatili kabisa, Reinhard Heydrich, kuitawala sehemu hiyo. Heydrich aliua watu kwa mamia katika majuma yake ya kwanza tu.

Wazalendo waliokimbilia Uingereza hawakulala. Desemba 1941 vijana wawili, Jozef Gabčík, Mslovakia, na Jan Kubiš, Mcheki, walirushwa kwa miavuli kutoka kwa ndege ya Waingereza. Mei 27, 1942, walilivizia gari la Heydrich kwenye kona ya barabara jijini Prague. Bunduki ya Gabčík ilikataa kulia, lakini bomu la Kubiš halikukosa kabisa. Heydrich alijeruhiwa, na akafa Juni 4.

Hitler alitaka damu. Sasa, Lidice iliingiaje? Hapo ndipo penye kuumiza moyo. Wapelelezi wa Kijerumani walikuwa wameinasa barua ya kijana mmoja kwa msichana, barua ya mapenzi yenye maneno ya kutatanisha. Uchunguzi wake uliwafikisha Lidice, ambako familia mbili zilikuwa na vijana waliotorokea Uingereza na kujiunga na jeshi. Walipekua nyumba, hawakuona kitu. Hakuna ushahidi wowote uliopatikana kwamba kijiji kile kilihusika na kifo cha Heydrich. Lakini walitaka kijiji cha kutolea mfano, na Lidice ikawa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono.

Juni 10, 1942

Usiku wa Juni 9 askari walikizunguka kijiji. Wanawake na watoto walitolewa nyumbani wakapelekwa katika ukumbi wa shule moja huko Kladno. Wanaume walikusanywa kwenye shamba la familia ya Horák. Kulipopambazuka walipangwa ukutani, kundi baada ya kundi, wakapigwa risasi. Siku hiyo waliuawa wanaume 173. Kasisi wao, Josef Štemberka, mzee wa zaidi ya miaka 70, alikufa pamoja nao. Wale waliokuwa zamu ya usiku migodini walitafutwa, nao wakauawa siku chache baadaye jijini Prague.

Wanawake walikaa na watoto wao siku tatu katika ukumbi ule, wamelala juu ya majani makavu. Kisha watoto wakapokonywa. Akina mama walipelekwa katika kambi ya Ravensbrück, Ujerumani. Watoto wachache walichaguliwa, kwa kuwa sura zao ziliwapendeza Wajerumani, wakapewa familia za Kijerumani kulelewa. Wengine wengi walisafirishwa hadi Poland. Watoto 82 waliuawa kwa gesi huko Chełmno.

Kwa jumla watu wa Lidice waliopoteza maisha ni 340: wanaume 192, wanawake 60 na watoto 88.

Pale bondeni leo kuna sanamu za shaba za wale watoto 82, wasichana 42 na wavulana 40, wamesimama pamoja wakilitazama bonde. Aliyezichonga ni mama mmoja, Marie Uchytilová, aliyeianza kazi hiyo mwaka wa 1969 na kuifanya kwa miaka 20 mpaka kifo kilipomchukua mwaka wa 1989. Mumewe ndiye aliyehakikisha kwamba zimetiwa shaba zote. Kila sanamu ni kubwa kidogo kuliko mtoto halisi. Kuna wakubwa waliowashika wadogo mkono. Kuna mmoja aliyejishika uso. Miguuni pao watu huweka vibeti, magari ya kuchezea na peremende.

Binti yangu alisimama mbele ya msichana mmoja wa shaba kwa muda mrefu. Sikumsemesha. Nilikumbuka nilivyomshika mkono siku yake ya kwanza ya shule ya chekechea.

Walipofikia makaburi

Lakini jambo lililonikata maini nililisoma ndani ya jumba la makumbusho lililoko hapo juu.

Baada ya kuua, Wanazi hawakuridhika. Walizimwagia nyumba petroli wakazitia moto, kisha wakabomoa kuta kwa baruti. Kanisa likaangushwa. Walileta vikosi vya vijana wenye sururu na reli ndogo ya kuchukulia vifusi, na kazi hiyo iliendelea hadi mwaka uliofuata. Bwawa lilifukiwa. Kijito kikageuzwa njia. Miti ikakatwa. Jina likaondolewa katika ramani. Na kabla ya hayo kwisha, waliyafikia makaburi. Makaburi ya kijiji yalivunjwa na kufukuliwa.

Nilisoma hapo mara mbili. Nikajiuliza: wafu walikuwa wamemkosea nini Hitler? Babu aliyezikwa miaka 100 kabla ya vita angewezaje kumuua Heydrich?

Jibu lilikuja lenyewe, nikahisi jasho. Waliofanya kazi ile walijua wanachokifanya. Nyumba ikibomolewa yaweza kujengwa. Shamba likichomwa litaota tena. Lakini mahali ambapo mtu amemzika babake, atarudi tu, hata kama hapana ukuta wala paa. Ukitaka asirudi, ondoa kaburi.

Nami mkobani, kule hotelini, nilikuwa na karatasi iliyosema mambo hayo hayo kwa lugha ya wakili.

Msomaji usinielewe vibaya. Sifananishi kuuza shamba na mauaji ya watu wasio na hatia. Hiyo itakuwa dhambi. Ndugu yangu si mkatili, ana mke mgonjwa na madeni ya matibabu. Mnunuzi naye ana haki ya kutaka ua wake uwe wake. Ninachosema ni kwamba nilikuwa sijawahi kufikiri kaburi hufanya kazi gani, mpaka nilipowaona watu waliolijua jambo hilo vizuri kuliko mimi, tena wakalitumia kwa ubaya.

Sisi Wataita, hapo kale, tulikuwa na desturi ya kulifukua fuvu la mzee baada ya muda na kulihifadhi katika pango la ukoo. Wazee walikwenda pale kwa mambo mazito. Mapango hayo mengine yako hadi leo. Dini ilipokuja desturi hiyo ikaachwa, nami nililelewa kanisani, silaumu. Lakini tazama tofauti: wazee wetu walifukua ili mtu asipotee. Kule Lidice walifukua ili watu wapotee. Na mimi? Mimi nilikuwa nafukua ili nilipe mkopo.

Waliorudi

Tulikaa kwenye benchi karibu na bustani ya waridi. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1955, na maelfu kwa maelfu ya miche yake yaliletwa kutoka nchi nyingi za dunia. Juni ndio mwezi wake. Harufu ilikuwa ya kulevya.

Aliyebuni bustani hiyo ni daktari Barnett Stross wa mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza. Mwaka ule ule wa 1942, habari zilipofika kwao, yeye na wachimba migodi wa mji huo walianzisha harakati ya kuchanga fedha ili Lidice ijengwe tena vita vikiisha. Fikiria: vita vinaendelea, mabomu yanaanguka Uingereza, na mchimba migodi anatoa sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya mchimba migodi mwenzake asiyemjua, ambaye tayari ni marehemu. Huko Mexico na Marekani nako kulikuwa na vitongoji vilivyochukua jina la Lidice, na wazazi wa nchi mbalimbali waliwapa binti zao jina hilo. Hitler alitaka jina lifutike, likazagaa dunia nzima.

Wanawake 143 walirudi kutoka kambini mwaka wa 1945. Wengi wao walikuwa hawajui. Walidhani waume zao wako katika kambi nyingine, na watoto wanalelewa mahali. Walipofika ndipo walipoambiwa. Watoto waliopatikana ni 17 tu, na baadhi yao walikuwa wameisahau lugha ya mama zao, wakizungumza Kijerumani.

Msomaji, ningekuwa mimi, nadhani ningeondoka niende mbali nisiuone tena mlima wala bonde la huko. Wao walisema wataka kukaa pale pale. Mwaka wa 1947 jiwe la msingi likawekwa, na kijiji kipya cha nyumba 150 kikajengwa kando tu, juu ya bonde. Bonde lenyewe waliliacha wazi. Tulikipita kijiji hicho tukirudi kituoni. Ni kijiji cha kawaida kabisa. Mzee mmoja alikuwa akimwagilia maji nyanya zake. Mtoto alipita na baiskeli. Migodi ya Kladno imekwisha fungwa, na wengi sasa hufanya kazi Prague, lakini watu wanaoishi Lidice leo ni kama idadi ile ya zamani.

Mti mmoja wa pea, niliambiwa, ulinusurika katika ule uharibifu wote. Uko hadi leo.

Swali la binti yangu

Tukiwa kituoni binti yangu aliniuliza swali ambalo sikulitazamia.

"Baba, wenzangu wakiniuliza kwetu ni wapi, mimi husema Nairobi. Lakini Nairobi tumepanga. Kwetu hasa ni wapi?"

"Taita," nilijibu upesi.

"Taita nimekwenda mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza kumzika Babu, mara ya pili kumzika Nyanya. Hata njia siijui."

Sikuwa na la kusema. Alikuwa hajui habari za mkataba ule. Nilimweleza palepale, tukilingoja basi, na sikumficha kwamba mkopo wenyewe ni wa masomo yake. Hakukasirika. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nikipata kazi nitakusaidia kulipa. Lakini Babu na Nyanya waache walale, Baba."

Nilirudi Nairobi nikapanda treni hadi Voi, kisha matatu za kupanda mlima kupitia Mwatate. Tulikutana watatu chini ya mparachichi alioupanda baba. Mazungumzo yalikuwa magumu. Ndugu yangu aliona nimemsaliti, na alisema maneno ambayo ndugu huyasema. "Wewe unakaa mjini, huna mgonjwa ndani ya nyumba, ndiyo maana unayo nafasi ya kufikiria wafu," aliniambia. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Dada ndiye aliyetupatanisha. Tulikubaliana kuuza ekari tatu na nusu, na kubakisha nusu ekari yenye makaburi, mparachichi ule na njia ya kwenda barabarani. Mnunuzi alinung'unika, akapunguza bei. Ili haki itendeke, upungufu huo niliubeba mimi katika fungu langu, si ndugu yangu. Bodi ya ardhi ikaidhinisha. Mke wa ndugu yangu alitibiwa, na namshukuru Mungu anaendelea vyema.

Mkopo wangu haujaisha. Kila mwezi nikiona makato katika karatasi ya mshahara huwa naguna kidogo, sitawadanganya.

Lakini Desemba tulikwenda sote, mimi, mama watoto, binti yangu aliyekuwa amerejea, na mdogo wake wa kidato cha pili ambaye njia nzima alikuwa akilalamika kwamba simu yake haishiki mtandao. Tulifyeka nyasi. Tukapaka chokaa msalaba wa baba. Kijana wangu alisoma tarehe zilizoandikwa, akahesabu kwa vidole, akauliza, "Kwa hivyo wakati wa vita vile vya Hitler Babu alikuwa mtoto mdogo kama wale wa shaba?" Dada yake alikuwa amemsimulia.

"Ndiyo," nikamjibu.

Akauliza Babu alikuwa mtu wa namna gani. Tukakaa chini ya mparachichi, nami nikaanza kumweleza. Ilikuwa saa nne, na ukungu ulikuwa ndio kwanza unaondoka.